Fisi Apewa Jina la Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jiwe, na kwenye jiwe mwanya.

Na mwanyani?

Macho mawili!

Yanatazama nini?

Anayekuja!

Haya, basi anakuja. Tegeni masikio.

Hapo kale pimbi walikaa Majabali Mapana, ukoo mmoja, mwanya kwa mwanya. Walikuwa na jumbe wao, Shigela, mwenye sauti nzuri na moyo wa kupenda sherehe. Walikuwa na kanisa lao la mawe, walilojengewa na bibi zao, na kengele yake ya kipande cha reli. Na walikuwa na Milembe.

Milembe hakuwa na cheo. Kazi yake ilikuwa kukumbuka. Nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alikufa msimu gani na kwa sababu gani. Pimbi wakibishana juu ya ukoo, walimwendea. Hakuwa msemaji. Alijibu swali aliloulizwa, akanyamaza. Kanisani aliomba jicho moja likiwa wazi, na wenzake walipomlaumu alisema, "Mungu namwona kwa hili lililofumbwa. Ninyi nawaona kwa hili jingine."

Basi mwaka mmoja, mwezi wa saba, zikasikika nyimbo kutoka ng'ambo ya mto. Pimbi wakatazama. Fisi sita wanavuka maji, chubwi, chubwi, chubwi. Kila fisi amevaa fulana ya rangi ya machungwa. Kila fisi ana sanduku kichwani. Na kwenye kila fulana pameandikwa: SIKU KUMI ZA UPENDO.

Pimbi wa zamu akavuta pumzi apige mbinja ya hatari. Jumbe Shigela akamziba mdomo.

"We! Wale ni wageni wa Injili. Mgeni wa Injili haitwi kwa jina la porini. Atakayelitamka neno lile mbele yao, namtoa kwenye kwaya."

"Neno lipi, Jumbe?"

"Unalijua."

Wageni wakapanda. Aliyewaongoza alikuwa Fisi mkubwa, mabega mapana, shingo nene. Akasimama mbele ya kanisa, maji yakimchuruzika.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!"

Fisi akacheka, hi-hi-hiii, akafuta machozi. "Tumetoka mbali. Tumeacha nyumba zetu na raha zetu ili tuje kuwatumikia ninyi wadogo. Je, mmewahi kuisikia Habari Njema?"

"Tumeisikia, baba Mwinjilisti," akajibu Jumbe. "Mwaka jana tuliisikia kwa korongo. Mwaka juzi tuliisikia kwa nyumbu. Wale waliimba vizuri, ila walikanyaga bustani. Kila mwezi wa saba tunaokolewa."

"Safari hii mtaokolewa kabisa," akasema Fisi.

Masanduku yakafunguliwa. Sabuni ikatoka. Mafuta ya kupaka yakatoka. Chumvi ikatoka, masanduku mawili mazima. Pimbi wakapiga vigelegele. Milembe akasogea, akachungulia, akarudi kusimama karibu na mdogo wake, Nkwimba.

"Sabuni nimeielewa," akasema. "Mafuta nayo nimeyaelewa. Chumvi yote ile ni ya nini?"

"Ya kutia kwenye mboga, dada."

"Mboga ya nani?"

Nkwimba akamfinya anyamaze, maana Fisi alikuwa ameinua mkono kusema tena. "Na yatima wako wapi? Wenzetu waliotutuma wanatuuliza yatima. Tumeahidi tutawapakata."

Jumbe akamtazama Milembe. Milembe akasema, "Hapa hatuna yatima. Mtoto akifiwa na mama, ana mama mkubwa na mama mdogo. Akifiwa na hao, ana bibi."

"Na waliofiwa na baba?"

"Hao wapo!" akadakia Jumbe, maana alipenda mgeni apate anachotaka. "Wapo kumi na wawili!"

Ilikuwa kweli. Wanaume sita, ndugu wa tumbo moja, walitoka Majabali Membamba wakaoa hapa. Mwaka wa ukame waliingia kwenye moto wa nyasi kuokoa mbegu, wasirudi. Mkubwa wao aliitwa Luhende. Luhende alikuwa amemwoa binti wa Milembe, na binti naye alikufa kwa homa mwaka uliofuata. Akabaki mtoto wao, Kalunde, mdogo kuliko wote kumi na wawili. Alilala kwenye mwanya wa bibi yake, ameshika sikio la bibi yake.

Watoto wakaletwa. Wakaogeshwa kwa sabuni, wakapakwa mafuta, waking'aa kama kokoto za mtoni. Fisi akawapakata mmoja mmoja, mwenzake akipiga picha. Kacha! Anayefuata. Kacha! Anayefuata. Watu wakashangilia. Lakini Milembe alikuwa anahesabu, akaona jambo. Kila mtoto aliinuliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa picha. Mara ya pili bila picha, taratibu, mkono ukipanda na kushuka, kama mwanamke anayepima kuku sokoni.

Zamu ya Kalunde ilipofika, Fisi alimwinua mara moja tu, akamshusha. "Huyu apewe maziwa," akasema.

Kesho yake Fisi akatangaza kanisani: "Wapendwa, Mungu amesema nami. Siku ya kumi tukiondoka, tutawachukua hawa yatima kumi na wawili wakasome kwetu ng'ambo. Shule nzuri, ya bweni."

Jumbe Shigela akaruka. Kwaya ikaimba. Milembe akangoja wimbo uishe, kisha akainua mkono.

"Naomba kuuliza, baba Mwinjilisti. Hiyo shule ina walimu?"

"Wengi."

"Wanaitwa nani?"

"Wanaitwa... walimu."

"Na watoto watarudi lini?"

"Likizo."

"Likizo ya lini?"

Fisi akacheka, hi-hi-hiii. "Mama huyu angefaa kuwa hakimu!"

"Mwaka jana mliwachukua watoto wa swala kule bondeni. Wanaendeleaje?"

"Wamehitimu."

"Wote? Kwa mwaka mmoja?"

"Walikuwa wepesi," akasema Fisi, akameza mate. Gluk.

Jumbe akaona aibu. Alimvuta Milembe pembeni. "Dada Milembe, hivi wewe una moyo wa namna gani? Wageni wameacha kwao wakaja kututumikia, wewe unawahoji kama wezi wa mbuzi! Neno langu limepita. Siku ya kumi watoto wanakwenda."

"Nimesikia, Jumbe."

"Na usiwatie watu hofu."

"Sitawatia."

Akaenda kukaa kwenye jiwe lake. Kupigana na fisi hakuwezi. Kumshawishi Jumbe hakuwezi. Kuwaficha watoto hakufai, maana Jumbe mwenyewe anajua kila mwanya na angewatoa kwa wimbo. Akakaa mpaka kivuli cha jiwe kikamhama. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni majina.

Siku ya tatu, ibada ilipokwisha, Fisi akasimama tena. "Sasa tumekuwa familia moja! Korongo walituambia mliwapa majina ya hapa. Nasi tupeni, tukajivunie nyumbani."

"Majina anayo Mama Milembe," akasema Jumbe, kwa wasiwasi kidogo.

Milembe akasimama. "Korongo niliwapa majina ya kuchezea. Ninyi mmesema tumekuwa familia moja. Mnasema kweli?"

"Kweli kabisa!"

"Basi nina majina ya kweli, ya marehemu wetu. Ila kwetu, anayevaa jina la marehemu huvaa na ndugu zake, na kazi zake, na miiko yake. Mtaweza?"

Fisi akawaza: siku saba tu zimebaki, nani atashindwa? "Tunapokea yote!"

"Mseme wote."

"Tunapokea yote!" wakasema fisi sita. Jumbe akagonga kengele kuthibitisha, ng'o, ng'o, ng'o.

"Basi wewe ni Luhende," akasema Milembe. "Na hawa watano ni wadogo zako, kwa mfuatano wa kuzaliwa." Akawataja mmoja mmoja, bila kukosea.

Nkwimba akashika mdomo. "Dada! Umewapa majina ya wakwe zetu!"

"Nimewapa walichoomba."

Kengele ya chakula ikalia, ng'o, ng'o, ng'o. Ugali ukaletwa, na maharage yanatokota, toko-toko-toko. Fisi akaketi, akakata tonge kama kichwa cha mtoto. Alikuwa amelifikisha mdomoni, mara Milembe akapita na kikapu chake.

"Yalaa!" wakalia pimbi. "Mkwe anakula mbele ya mama mkwe!"

"Mkwe gani?" akauliza Fisi.

Jumbe akainama kwa heshima. "Baba Mwinjilisti, wewe sasa ni Luhende. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Wala hamtazami usoni. Akimwona njiani, hupisha na kugeuka mgongo. Ndiyo adabu yetu."

"Na mama mkwe wangu ni huyu mmoja?"

"Ni huyu, na dada zake, na binamu zake. Wamama wote wa jabali hili, kwa kweli."

Fisi akacheka, hi-hi-hiii, akalitupa tonge mdomoni.

Fyuuu! Mbinja moja tu, na jabali likawa tupu. Hakuna pimbi. Hakuna mtoto. Mianya kila upande, myembamba kama kiganja, na Fisi hata pua haiingii. Akazunguka. Akanusa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Jumbe peke yake alikuwa amebaki, jasho linamtoka.

"Umewaaibisha, baba. Hawatatoka mpaka uombe radhi, na uahidi hutarudia."

Fisi akawaza tena. Watoto kumi na wawili wako ndani. Wakitoka kwa hiari siku ya kumi, hakuna kazi. Wasipotoka, hata meno elfu hayasaidii. Akaomba radhi. Kisha akawanong'oneza wenzake, "Mvumilivu hula mbivu."

Basi ukawa uvumilivu. Kengele ya asubuhi inalia, Fisi anaketi, mama mkwe anapita na kuni. Fisi anaacha chakula, anageuka mgongo. Kengele ya mchana inalia, Fisi anabeba bakuli lake nyuma ya jabali, mama mkwe yuko hapo anachambua mboga. "Ah, mkwe wangu, hujambo?" "Sijambo, mama," anajibu Fisi kwa mgongo, na bakuli linapoa. Akaenda kwenye majani marefu karibu na mto. Akapiga magoti. Akafunua bakuli. Majani yakatikisika, wamama wanne wakainuka, kila mmoja na mzigo wa nyasi za kuezekea. "Mkwe! Hata huku umetufuata kutusalimu? Mungu akubariki!"

Fisi akabariki. Tumbo likamjibu, gruuu.

Na haikuwa njaa tu. Siku ya tano Milembe alikuja akasimama nyuma yake, akasema na mgongo wake. "Mkwe wangu Luhende, ulipofariki uliacha nyumba yangu bila kuta. Na wadogo zako waliacha nyumba za mama wakwe zao vivyo hivyo. Kwetu mwanamume humjengea mama mkwe nyumba. Mmesema mmekuja kutumika."

"Tulikuja kujenga kanisa," akasema Fisi.

"Kanisa tunalo."

Basi wakabeba mawe. Mawe makubwa, kutoka mtoni mpaka juu, kudu-kudu, kudu-kudu. Walikuwa na nguvu, lakini hawakuwa mafundi. Waliupanga ukuta ukaenda mashariki, wakarudi wakaukuta umeelekea kaskazini. Nkwimba alikuwa akipita anasema, "Hongereni na kazi," akiuma midomo asicheke. Fisi mdogo kuliko wote, fulana imemlegea mwilini, akaketi juu ya jiwe. "Kaka, mimi nilijiandikisha kwa siku kumi za upendo. Njaa hawakuiandika."

"Nyamaza, beba. Siku ya kumi utakula mpaka usinzie."

Milembe alikuwa upande wa pili wa ukuta, hakosi neno. Sasa shaka ilimtoka, ikaingia hofu. Maana shaka ni kutokujua, na yeye alikuwa anajua. Usiku ule mtu mwingine angekimbia kwa Jumbe kumwambia. Yeye alijua Jumbe angesema, "Umesikia vibaya, dada." Akaenda kwa wale watoto kumi na wawili, akawafundisha maneno mawili tu, na namna ya kupiga goti.

Siku ya kumi ikafika. Watoto wakapangwa mstari mbele ya kanisa, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kila mmoja na kifurushi chake. Kalunde alikuwa mwisho, anatafuta kwa macho sikio la kushika. Fisi sita walisimama, mbavu zinahesabika, chumvi iko tayari kichwani. Kwaya ikaimba wimbo wa kuaga. Jumbe Shigela akalia machozi ya furaha.

"Wapendwa," akasema Fisi, sauti inatetemeka kwa njaa, "sasa tunawachukua yatima wetu."

"Yatima wapi?" akauliza Milembe.

Alikuwa amesimama mbele. Fisi akageuka mgongo haraka, maana wiki nzima alikuwa amezoea.

"Hawa hapa kumi na wawili!"

"Huyu ni Kalunde, binti wa Luhende. Hawa wawili ni wa mdogo wake Luhende anayemfuata. Hawa watatu ni wa yule wa tatu." Akawataja wote, baba kwa mtoto, bila kusita. "Baba zao wote wamesimama hapa, wamevaa fulana. Tuliwapa majina kanisani, kengele ikalia. Watoto, msalimieni baba."

Watoto kumi na wawili wakapiga goti. "Shikamoo, baba!"

Fisi akawaza upesi, na akili yake ikamletea wazo tamu kama asali. Akacheka, hi-hi-hiii. "Marahaba, wanangu! Vizuri sana, mama. Kama mimi ni baba, nani atamzuia baba kuwachukua wanawe?"

Pimbi wakatazamana. Jumbe akapiga makofi. "Kweli! Baba ana haki!"

"Ana haki," akasema Milembe. "Simkatalii. Akishamaliza nyumba ya mama mkwe. Jumbe, wewe ndiye unayejua sheria, sema. Baba asiyemaliza nyumba ya mkwe, watoto wanakaa kwa nani?"

Jumbe akavua kofia yake. Alikuwa mpenda wageni, lakini sheria ile aliikuta. Hata yeye mwenyewe aliwahi kuibebea mawe miaka mitatu. "Wanakaa ujombani," akasema polepole. "Mpaka paa liishe."

"Mapaa sita," akasema Milembe. "Ukuta mmoja umefika magotini, na umepinda. Karibuni sana, wakwe zetu. Mkijitahidi, mtaondoka mwaka wa sita. Leo mchana kuna ugali, nitakuwepo."

Hapo Fisi akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya siku saba akamtazama mama mkwe usoni, na mate yakadondoka chini, tap, tap.

"Mwaka wa sita? Ugali? Sikilizeni, vipande vya nyama ninyi! Mimi si Luhende!"

"Umelikana jina?" akauliza Milembe.

"Nimelikana! Na miiko nimeikana! Na wakwe nimewakana!"

"Basi mgeni asiye na jina hajulikani. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Fisi!"

Neno likatoka. Neno lililokatazwa siku kumi, na mwenyewe ndiye aliyelitoa. Miguu ya pimbi haikungoja ruhusa ya Jumbe. Fyuuu! Kwaya ikaingia mwanyani. Wamama wakaingia mwanyani. Jumbe Shigela akatangulia wote, kofia akaiacha.

Watoto kumi na mmoja wakaingia. Kalunde alikwama na kifurushi chake, na Fisi akaruka, kishindo, puh! Akaweka kucha juu ya kifurushi, mdomo wazi juu ya mtoto.

Mkwe haguswi na mama mkwe wake; huo nao ni mwiko, na Milembe hakuwahi kuvunja mwiko maishani. Lakini huyu alikuwa amekwisha kukana. Milembe alitoka mwanyani na meno yake mawili marefu, akaishika pua ya Fisi, kwacha! Fisi akapiga ukelele uliovuka mto. Alipofumbua macho hakuna mtoto, hakuna bibi, kuna jiwe tu, na kifurushi kimoja. Akakifungua. Kulikuwa na sabuni.

Fisi sita wakavuka maji kurudi kwao, chubwi, chubwi, chubwi, bila wimbo. Lakini Jumapili iliyofuata, kwao ng'ambo, Fisi alisimama mbele ya waliomtuma, pua imefungwa kitambaa, akatoa ushuhuda.

"Walitupenda mno! Hawakutaka tuondoke, walitusihi tukae miaka sita. Walitufanya wakwe zao. Tulipofika tulikuta yatima kumi na wawili. Tulipoondoka, ndugu zangu, hapakuwa na yatima hata mmoja. Kila mtoto ana baba!"

Kanisa zima likalia. Walioandikisha majina kwa safari ya mwaka ujao walikuwa arobaini.

Huku Majabali Mapana, Jumbe Shigela alilaumiwa wiki nzima, kisha akaanza kuifundisha kwaya wimbo mpya wa kupokea wageni. Milembe hakumsema. Alikuwa amekaa juu ya ukuta uliopinda, Kalunde ameshika sikio lake, anakumbuka marehemu mmoja mmoja: nani alikuwa anadaiwa kisima, nani aliacha shamba la mawe bila kulima, nani alikuwa na mama mkwe mkali.

Basi watoto, funzo la ngano hii ni hili: mgeni akija kwa nyimbo, msimshuku. Msimwulize maswali mengi, si adabu. Mfumbieni macho, mwaminini, na akiomba jina, mpeni jina zuri kuliko yote mliyo nayo.

Ngano imekwisha, mate yamenikauka. Aliyesikia ameze, aliyesinzia amwulize jirani.